Theodor Herzl: Aliyepewa Uasin Gishu Bila Kuiona

Ukiuliza hapa Eldoret ni nani walioanzisha mji huu, utaambiwa habari za Makaburu, magari ya kukokotwa na ng'ombe, na Shamba Nambari 64. Habari hizo ni za kweli, lakini si za kwanza. Miaka mitano kabla ya msafara mkubwa wa Makaburu kupanda huku kutoka Nakuru, Waingereza walikuwa tayari wameiahidi nchi hii kwa watu wengine kabisa, watu waliokuwa wakikimbia kuuawa kule Urusi. Aliyepokea ahadi hiyo kwa niaba yao alikuwa mwandishi wa magazeti mwenye ndevu nyingi nyeusi, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki hata siku moja. Jina lake ni Theodor Herzl.

Wengi wetu, wenzangu, tunalisikia jina hilo pale tu panapotajwa nchi ya Israeli. Mimi nataka kuyasimulia maisha yake kwa upande unaotuhusu sisi wa huku juu, yaani upande wa mkimbizi na mlango anaoubisha: ni nani hufunguliwa, ni nani hufukuzwa, na je, nyumba anayokaribishwa ni ya nani?

Herzl alizaliwa tarehe 2 Mei 1860 katika mji wa Pest, ambao siku hizi ni sehemu ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Babake, Jakob, alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo. Mamake, Jeanette, alimlea mwanawe akipende Kijerumani na vitabu vyake. Nyumba yao ilikuwa ya Kiyahudi lakini haikushika dini sana. Mwaka wa 1878 dadake wa pekee, Pauline, alifariki akiwa bado msichana, na familia ikauhama mji ule wenye majonzi, ikaenda kukaa Vienna.

Huko Vienna kijana Herzl alisomea sheria, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka wa 1884. Kabla ya hapo alikuwa amejiunga na chama kimoja cha wanafunzi kiitwacho Albia. Mwaka wa 1883 chama hicho kilipojiingiza katika chuki dhidi ya Wayahudi, aliandika barua ya kujiuzulu. Hebu fikiria, amevaa kofia ya chama, ameimba nyimbo zao, kumbe wenzake hawamhesabu kuwa mwenzao! Uwakili wenyewe hakuudumisha. Alipenda kuandika michezo ya kuigiza, na baadhi ilichezwa katika kumbi za Vienna, ingawa sioni kama leo kuna anayeikumbuka. Kilichompa jina kwanza ni gazeti. Mwaka wa 1889 alimwoa Julie Naschauer, wakajaliwa watoto watatu, Pauline, Hans na Trude. Ndoa yao haikuwa na raha nyingi. Tafadhali msomaji, lishike hilo jina la Trude, tutalirudia.

Tangu 1891 Herzl alikaa Paris akiwa mwandishi wa gazeti la Neue Freie Presse la Vienna. Ndipo alipoishuhudia kesi ya Kapteni Alfred Dreyfus, afisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa aliyehukumiwa Desemba 1894 kwa kosa la kuwauzia Wajerumani siri za nchi. Tarehe 5 Januari 1895 Dreyfus alivuliwa vyeo mbele ya askari huku umati ukizomea. Hakuwa na hatia, na Ufaransa yenyewe ilikiri hivyo mwaka wa 1906. Waandishi wengi husema siku hiyo ndiyo iliyomgeuza Herzl. Nadhani wanarahisisha mambo, maana tumeona alivyojiuzulu chama chake miaka 12 nyuma, na pale Vienna penyewe wanasiasa walikuwa wakichaguliwa kwa kuwatukana Wayahudi. Hata hivyo Paris ilimwonyesha jambo moja: kwamba hata pale ambapo sheria imeandika kuwa watu wote ni sawa, jirani anaweza kukugeuka asubuhi moja.

Februari 1896 alitoa kitabu kidogo akidai kwamba Wayahudi wapewe nchi yao wenyewe. Ndani yake alitaja mahali pawili, Argentina na Palestina. Agosti 1897 aliitisha mkutano mkuu wa kwanza wa chama chake, chama cha Wazayuni, katika mji wa Basel, Uswisi. Walikuja wajumbe kama 200. Tangu hapo alikuwa mtu wa safari tu. Alionana na Mfalme Wilhelm II wa Ujerumani mwaka wa 1898 na Sultani Abdul Hamid II wa Uturuki mwaka wa 1901, kwa sababu Palestina ilikuwa chini ya Waturuki. Alirudi mikono mitupu kila mara.

Palestina nayo haikuwa na ukiwa. Machi 1899 Yusuf al-Khalidi, mzee maarufu wa Yerusalemu aliyepata kuwa meya wa mji huo, aliandika barua iliyomfikia Herzl kupitia kwa rabi mkuu wa Ufaransa. Katika barua hiyo alikiri kwamba Wayahudi wana historia katika nchi ile na kwamba wanateswa, lakini aliomba Palestina iachwe kwa amani kwa kuwa ina watu wake. Herzl alimjibu kwa adabu akimhakikishia kwamba wenyeji watafaidika. Ubishi huo haujaisha mpaka sasa, na Wapalestina wapatao 700,000 walikuwa wakimbizi katika vita vya 1948. Nimeutaja kwa sababu swali hilohilo la al-Khalidi lingefaa kuulizwa Uasin Gishu, ila huku hapakuwa na aliyeandikiana barua na wazee wetu.

Sasa tuje kwa wakimbizi wenyewe. Dola ya Urusi wakati huo ilikuwa na Wayahudi zaidi ya milioni 5. Wengi wao walilazimishwa kukaa katika majimbo ya magharibi tu, na sheria za mwaka 1882 ziliwabana zaidi kuhusu mahali pa kuishi na kazi za kufanya. Mara kwa mara makundi ya watu yaliwavamia, yakaiba na kuua, na polisi wakatazama kando. Kati ya 1881 na 1914 Wayahudi zaidi ya milioni 2 waliondoka Ulaya ya mashariki. Wengi walivuka bahari kwenda Marekani. Wengine walishukia London, wakajazana katika mitaa ya mashariki ya jiji hilo wakishona nguo na viatu kwa ujira mdogo.

Wakati huo hapakuwa na sheria ya kimataifa iliyosema mkimbizi ni nani. Uingereza haikuwa hata na sheria ya kumzuia maskini asishuke melini. Lakini wenyeji wa London walianza kunung'unika: ati wageni wanachukua kazi, wanapandisha kodi za nyumba, wanaleta maradhi. (Maneno haya si mageni masikioni mwetu, sivyo? Yanasemwa leo juu ya Wasomali, Wasudani na Wakongo.) Serikali ikaunda Tume ya Kifalme kuhusu Uhamiaji wa Wageni, na Julai 1902 Herzl akaitwa kutoa ushahidi. Babake alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, kwa hiyo alifika akiwa na msiba.

Kikao kile kilikuwa kama kutembea juu ya kamba. Akisema wakimbizi ni wachache, atakuwa anadanganya. Akisema ni wengi na wataendelea kuja, maadui wao watashika maneno yake wafunge mlango. Bwana Rothschild, tajiri Myahudi wa London aliyekuwa mmoja wa wanatume, aliogopa jambo hilihili. Herzl alichagua kusema ukweli wake: kwamba wataendelea kuja maadamu mateso yanaendelea, na kwamba dawa si kuwafungia bali ni kuwapatia nchi yao. Waliotaka kufunga mlango walifurahia nusu ya kwanza ya maneno yake. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lake kubwa zaidi, maana mshonaji aliyekuwa melini wiki ile hakuhitaji nchi. Alihitaji ruhusa ya kushuka.

Mmoja wa wakubwa waliomsikiliza Herzl kwa makini alikuwa Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza. Mwishoni mwa 1902 Chamberlain alipitia Mombasa akielekea Afrika Kusini, akapanda Reli ya Uganda iliyokuwa imefika Kisumu mwaka mmoja tu uliotangulia. Aliona nyanda za juu, hewa baridi na nyasi, akaona pia kwamba reli imegharimu fedha nyingi na haina mizigo ya kubeba. Pale pale akamkumbuka Herzl.

Mwaka wa 1903 mambo yalikwenda mbio. Mpango wa kuwaweka Wayahudi rasi ya Sinai ulikwama kwa sababu ya maji ya Nile. Aprili, wakati wa Pasaka, Wayahudi wa Kishinev (mji ambao siku hizi ni mji mkuu wa Moldova) walishambuliwa kwa siku mbili. Watu 49 waliuawa, mamia wakajeruhiwa, na nyumba na maduka mengi yakavunjwa. Siku chache baadaye Chamberlain akamtajia Herzl nchi yetu. Waliita mpango huo wa Uganda, na jina hilo limeshika hadi leo vitabuni, lakini Uganda haikuhusika. Jimbo la mashariki la Uganda, pamoja na nyanda hizi, lilikuwa limehamishiwa upande wa Kenya ya leo tangu Aprili 1902. Wakubwa wa London hawakujali sana tofauti hiyo.

Tarehe 14 Agosti 1903 Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza iliandika barua rasmi. Ilisema kwamba pakipatikana mahali panapofaa, serikali itaridhia koloni la Kiyahudi lenye mkuu wake Myahudi na uhuru wa kuendesha dini na mambo yake ya ndani, chini ya Uingereza. Rasimu ya mkataba iliandikwa na ofisi ya wakili mmoja aitwaye David Lloyd George, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Mwanzoni mwa 1904 eneo lenyewe lilitajwa: Uasin Gishu, maili za mraba zipatazo 5,000.

Je, Chamberlain alikuwa na huruma? Huenda alikuwa nayo. Lakini ni Chamberlain huyohuyo aliyependa wageni wazuiwe kuingia Uingereza. Kuwapeleka Afrika Mashariki kulimwondolea lawama mbili kwa mpigo mmoja: mitaa ya London ingepumua, na reli ingepata abiria na mizigo. Wazo hilo halikufa naye. Aprili 2022 Uingereza ilitia sahihi mkataba na Rwanda ili watu wanaoomba hifadhi London wapelekwe Kigali. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliukataa mpango huo Novemba 2023, na serikali mpya ikaufuta Julai 2024. Kutoka Chamberlain hadi Kigali ni miaka karibu 120.

Nchi iliyokuwa ikitolewa zawadi ilikuwa na wenyewe. Jina lake lenyewe, Uasin Gishu, ni la kundi la Wamaasai walioishi huku wakatawanywa na vita vya karne ya 19. Kabla yao walikuwako watu tunaowaita Wasirikwa, ambao mashimo ya maboma yao bado yanaonekana mashambani. Mwaka wa 1903 Wanandi walikuwa wakilisha ng'ombe wao katika nyanda hizi, na Wakeiyo vilevile upande wa bonde. Ofisa wa Kizungu akipita asione nyumba aliandika kwamba hapana mtu. Mfugaji angemweleza kwamba malisho hayakai na watu kila mwezi wa mwaka. Isitoshe, Wanandi walikuwa vitani na Waingereza tangu 1895, chini ya Orkoiyot wao Koitalel arap Samoei. Hivyo Waingereza walikuwa wakigawa nchi ambayo hata hawakuwa wamemaliza kuiteka.

Waliopiga kelele Kenya walikuwa walowezi wa Kizungu. Lord Delamere, aliyekuwa ndiyo kwanza anajijenga hapa nchini, alipeleka simu ya maandishi kwa gazeti la The Times akipinga, na walowezi wa Nairobi walifanya mikutano. Hawakuwa wakiwatetea Wanandi, la hasha! Walitaka mashamba hayo yawe yao, na Wayahudi maskini wa Urusi waliwaona si Wazungu wa kutosha.

Herzl aliupeleka mpango huo mbele ya mkutano mkuu wa sita, Basel, Agosti 1903. Alikuwa anatoka Urusi, ambako alionana na mawaziri wa Tsar na kupokewa na umati wa Wayahudi maskini waliomwona kama mkombozi. Inasimuliwa kwamba ile ramani ya Palestina iliyozoea kutundikwa nyuma ya jukwaa haikuwepo, na mahali pake palikuwa pametundikwa ramani ya Afrika Mashariki. Herzl alieleza kwamba huku si mahali pa kudumu, ni pa kukimbilia roho tu wakati wa hatari. Rafiki yake Max Nordau alimuunga mkono akaliita kimbilio la kulala usiku mmoja.

Kura zilipohesabiwa, 295 walikubali tume itumwe kuja kuitazama nchi, 178 walikataa, na karibu 100 hawakupiga kura. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Wajumbe wa Urusi waliinuka wakatoka ukumbini, baadhi yao wakalia wakiwa wamekaa sakafuni kama watu waliofiwa. Miongoni mwao walikuwemo wajumbe wa Kishinev, mji ule ule uliomwagika damu miezi minne nyuma. Herzl alishangaa kwamba watu wenye kamba shingoni wanakataa kuokolewa. Lakini wao walikuwa na lao. Walitaka nchi ya mababu zao, wala hawakutaka kutupwa mahali popote ili mradi wasionekane Ulaya. Tusidhani kwamba mkimbizi, kwa kuwa hana kitu, hana pia chaguo. Siku ya mwisho Herzl aliinua mkono wake wa kulia akaapa kwa Kiebrania kwamba hatausahau Yerusalemu, ili wamrudie.

Ule mgawanyiko ulimmaliza. Desemba 1903 kijana mmoja alimfyatulia Nordau risasi mjini Paris kwa hasira ya mpango wa Afrika, akamkosa. Moyo wa Herzl ulikuwa mgonjwa kwa miaka kadhaa, naye hakupumzika: Januari 1904 alikuwa Roma akimwomba Papa Pius X msaada, asipate. Aprili alipatana na wapinzani wake. Tarehe 3 Julai 1904 alifariki katika kijiji cha Edlach, Austria, akiwa na umri wa miaka 44. Alikuwa ametumia mali yake na mali ya mkewe, na wanawe walibaki wadogo.

Ile tume ilikuja yeye akiwa kaburini. Walikuwa watu watatu: Meja Alfred St. Hill Gibbons, Mwingereza. Alfred Kaiser, Mswisi. Na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Walishuka Mombasa Januari 1905, wakapanda nyanda hizi na wapagazi wao, wakazunguka majuma machache. Wilbusch na Kaiser waliandika kwamba nchi haifai kwa watu wengi. Gibbons hakuwa mkali kama wao. Mtu aliyezaliwa Moiben au Ziwa akisoma kwamba nchi hii ya mahindi na ngano ilionekana haifai atacheka. Wanahistoria wanakumbusha kwamba Wilbusch hakuutaka mpango huo tangu awali. Mkutano mkuu wa saba uliukataa mwishoni mwa Julai 1905, na wakawarudishia Waingereza ahadi yao kwa shukrani.

Nchi haikurudishwa kwa wenyewe. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani akapigwa risasi na Kapteni Richard Meinertzhagen. Wanandi walishindwa, wakasukumwa katika eneo walilotengewa, na nyanda za Uasin Gishu zikafunguliwa kwa walowezi. Mwaka wa 1908 ndipo msafara wa Makaburu wa Jansen van Rensburg, watu zaidi ya 200, ulipowasili. Hao nao walikuwa wametoka katika nchi iliyochomwa na vita vya 1899 hadi 1902, ambamo wake na watoto wa Makaburu kwa maelfu walikufa katika kambi za Waingereza. Posta ilifunguliwa shambani Nambari 64, wenyeji wakapaita Sisibo, na mwaka wa 1912 pakapewa jina la Eldoret.

Mwezi Agosti 1905, siku chache tu baada ya mkutano wa Basel, bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Wageni iliyotokana na ile tume ya 1902. Maskini asiyeweza kujilisha angeweza kuzuiwa kushuka melini. Lakini mlikuwa na kifungu kimoja cha pekee: mtu atakayethibitisha kwamba anakimbia kuadhibiwa au kuteswa kwa ajili ya dini au siasa asikataliwe kwa sababu ya umaskini peke yake. Hiyo ni mara ya kwanza sheria ya Uingereza kumtenga mkimbizi na mhamaji wa kawaida. Ilitosha? Haikutosha, maana mtu aliyetoroka usiku atathibitishaje? Lakini kwa mara ya kwanza mshonaji wa Kishinev aliweza kusema neno mbele ya ofisa wa bandari bila kumtegemea bwana mkubwa amwonee huruma.

Wanawe Herzl hawakufikia uzee. Pauline na Hans walifariki mwaka wa 1930. Trude alikuwa Vienna Wanazi walipoitwaa Austria Machi 1938. Julai mwaka huohuo wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, kuzungumza juu ya wakimbizi wa Kiyahudi. Karibu wote walisikitika, wachache mno wakaongeza nafasi. Mamia walifika hata hapa Kenya, na wengine wakawa wasimamizi wa mashamba ya Wazungu. Vita vilipozuka 1939 wanaume wengi kati yao walikamatwa kwa muda na serikali ya koloni kwa sababu eti pasipoti zao ni za Kijerumani, yaani za yule yule aliyewafukuza. Trude hakutoka. Alipelekwa katika kambi ya Theresienstadt na akafa huko Machi 1943. Mwanawe Stephan, mjukuu wa Herzl, alikuwa ametangulizwa Uingereza mwaka wa 1935 akiwa kijana wa miaka 17, akapokelewa, na baadaye akavaa sare ya jeshi la Uingereza.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi ulitiwa sahihi Geneva tarehe 28 Julai 1951, miaka minane baada ya Trude. Unasema mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya haki ya kuteswa kwa sababu ya rangi au kabila, dini, uraia, kundi lake katika jamii, au maoni yake ya siasa, na unakataza kumrudisha kwenye hatari. Kenya ilijiunga nao mwaka wa 1966. Mwaka wa 1969, huko Addis Ababa, nchi za Afrika zilipanua mlango: anayekimbia vita, uvamizi au ghasia kubwa naye ni mkimbizi, hata kama hakuna aliyemlenga yeye binafsi. Ndiyo maana familia nzima kutoka Sudan Kusini hupokelewa Kakuma, barabara ile ile inayopita hapa kwetu kuelekea Kitale na Lodwar. Sheria ya Kenya ya Wakimbizi ya 2021, iliyochukua mahali pa ile ya 2006, inakubali sababu zote hizo. Inamtaka mwombaji ajitokeze kwa maofisa ndani ya siku 30 za kuingia nchini, na inamnyima hifadhi aliyetenda uhalifu wa kivita au mauaji ya halaiki.

Neno moja katika maelezo hayo limewahi kuwatenga watu wa mkoa wetu wenyewe, nalo ni neno "nje". Mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, maelfu ya majirani walijaa katika uwanja wa maonyesho hapa Eldoret, wakalala katika mahema. Wengine walipanda malori wakavuka Malaba. Waliovuka waliandikishwa Uganda kuwa wakimbizi, wakawekwa Mulanda karibu na Tororo, kisha baadhi yao wakahamishiwa Kiryandongo. Waliobaki uwanjani, ingawa walichomewa nyumba na watu wale wale usiku ule ule, hawakuwa wakimbizi kwa mujibu wa Geneva, kwa kuwa hawakuvuka mpaka. Waliitwa wakimbizi wa ndani, na sheria ya Kenya ya kuwalinda watu wa namna hiyo haikupitishwa mpaka mwaka wa 2012.